Elimu Uliyoiacha Haikupotea

Alhamdulillahi, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad. Amma baad.

Enyi ndugu zangu wa Shangani, wako vijana wetu waliomaliza chuo, na nyoyo zao haziitaki kazi ya elimu ile waliyoisoma. Kijana huona haya kusema, kwani baba yake ametoa fedha ya korosho msimu baada ya msimu kulipa ada.

Tusimwambie, "Umetupotezea." Imamu Abu Hanifa wa Kufa, mfanya biashara ya hariri, alizama kwanza katika ilimu ya kujadiliana juu ya itikadi, hata akajulikana kwayo. Kisha akaiacha, akaketi mbele ya Hammad bin Abi Sulaiman kusoma fikihi, asimwache mwalimu wake mpaka alipofariki mwaka 120 wa Hijra. Wala biashara yake hakuitupa; ndiyo iliyomwepusha na kutegemea fedha za watawala.

Basi ewe kijana, sali Istikhara, umwendee anayeijua kazi uitakayo umtake shauri. Na wakati ukingoja, usione haya kwenda baharini wala kukaa dukani. Nawe baba, ada uliyotoa ni sadaka yako; usiigeuze kuwa deni shingoni mwa mwanao.

Wabillahi taufiki.