Kama Ningezaliwa Machame



Nikiwa likizo nyumbani, kuna swali vijana wenzangu huniuliza wakicheka, ila hawatanii: "Frateri, wewe ni Mkatoliki kwa sababu umezaliwa Kibosho. Ungezaliwa Machame, ng'ambo tu ya Weruweru, sasa hivi ungekuwa unasomea uchungaji. Sasa hiyo imani yako ni ukweli au ni bahati ya kuzaliwa?"

Swali hili tusilikimbie. Tuanze kwa kukubali kilicho kweli ndani yake. Ramani ya madhehebu hapa mlimani ilichorwa na historia. Waanglikana walifungua kituo Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1885, wakaondoka 1892. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Kilema mwaka 1890, kisha wakaja Kibosho 1893. Mwaka huohuo wa 1893, Walutheri wa Leipzig wakaanza Machame. Kila mangi alikuwa na sababu zake za kumpokea mmisionari: shule, heshima, na asije akapitwa na mangi jirani. Babu zetu hawakukaa chini kulinganisha mafundisho ya Martin Luther na ya Mtaguso wa Trento ndipo wachague. Walibatizwa na yule aliyefika kwao.

Hata kwetu ni hivyo. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Machame na kubatizwa Mlutheri. Akaolewa Kibosho, akahamia kwa Wakatoliki kufuata mume, kama ilivyokuwa desturi. Yaani bila harusi ile, huyu frateri mnayemsoma hapa asingekuwepo.

Je, hapo imani imeanguka? Hapana. Darasani kwenye falsafa tunafundishwa kutenganisha vitu viwili: jinsi mtu alivyofika kuamini jambo, na kama jambo lenyewe ni kweli. Wewe ulijifunza shuleni kwamba malaria huenezwa na mbu. Ungezaliwa miaka 200 iliyopita ungeambiwa mengine kabisa. Kwa hiyo habari ya mbu ni bahati tu? La. Ni kweli, nawe umebahatika kuzaliwa wakati wa kuisikia. Na yule anayesema "madhehebu yote ni sawa tu, tumezaliwa humo" naye wazo hilo kalipata mahali. Ni mtoto wa zama hizi za simu na mitandao. Kama mahali pa kuzaliwa panabatilisha imani yangu, basi panabatilisha na hiyo yake.

Lakini tusishangilie mapema, maana swali lile linabaki na kazi mbili za kutufanyia.

Kazi ya kwanza ni kuvunja majivuno. Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho wana nini ambacho hawakupewa (1Kor 4:7). Kama imani nimeipokea, nitamchekaje jirani yangu kwa kile alichopokea yeye? Ajabu ni kwamba hapa tunagusa kiini cha ugomvi wa mwaka 1517. Luther, mtawa wa Kiagustino na mwalimu wa chuo Wittenberg, alianza kwa kupinga biashara ya rehema, na nyuma yake kulikuwa na swali moja kubwa: mtu anahesabiwaje haki mbele ya Mungu? Akasema ni kwa neema, kwa imani peke yake. Mtaguso wa Trento ukajibu mwaka 1547. Haukukubali neno "peke yake", kwa sababu imani hai huja pamoja na matumaini na mapendo. Lakini ulifundisha pia kwamba hakuna tendo letu linalotangulia ambalo linastahili neema hiyo. Ilichukua karne nyingi tukasikilizana. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki: tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili zetu. Basi kijana Mkatoliki anayemwambia Mlutheri "sisi tunaokolewa kwa matendo yetu" hajui hata imani ya Kanisa lake.

Kazi ya pili ni kuvunja uvivu. Zawadi uliyopewa bila kuifungua bado si yako. Tofauti zipo, na ni za kweli. Sisi tuna sakramenti saba, Walutheri wanahesabu mbili. Biblia yetu ina vitabu 73, yao 66. Wao pia wanaamini kwamba Kristo yupo kweli katika Chakula cha Bwana, lakini hatukubaliani kuhusu sadaka ya Misa, daraja ya upadre na nafasi ya Papa. Na tusiwatie Waprotestanti wote kapu moja: Mlutheri anabatiza watoto wachanga, Mpentekoste habatizi. Ubatizo wa Mlutheri tunautambua, ndiyo maana akijiunga nasi habatizwi tena.

Hili linaumiza zaidi Desemba, ukoo ukirudi kihambani kutoka Dar na Arusha. Tunakula pamoja, tunazikana, tunaimba pamoja. Lakini Jumapili, wakati wa kupokea, shangazi anabaki kwenye benchi. Tusijifanye haliumi. Linauma kwa sababu tunachogawanyika juu yake ni kitu kikubwa.

Sasa wewe dada unayeniuliza: "Mchumba wangu ni Mlutheri, kwao wanataka nihame kabla ya harusi. Nifanyeje?" Simlaumu bibi yangu. Alifuata njia aliyoijua. Lakini wewe umesoma, unaweza kuuliza. Ukihama kwa sababu tu ya ukoo wa mume, umeuacha mto ukuchagulie tena. Na ukibaki kwa sababu tu baba atakasirika, ni yaleyale. Kanisa linaruhusu ndoa ya mseto kwa kibali: utaahidi kuilinda imani yako na kufanya unaloweza watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzako ataelezwa ahadi hiyo. Ongeeni haya mapema, msisubiri vikao vya harusi.

Kwa wiki hii, soma Katekisimu ya Kanisa Katoliki kuanzia namba 1987, sehemu ya neema. Kisha mwombe rafiki yako Mlutheri akueleze alichojifunza kwenye Katekisimu Ndogo ya Luther. Msikilize mpaka amalize, ndipo umweleze ya kwako.

Tuzidi kuombeana.