Kumbukumbu Ina Watunzaji Wengi

Mzee anayeanza kupotewa na kumbukumbu hujiuliza swali zito: nikisahau yote, nitakuwa bado mimi? John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza wa karne ya 17, alishikilia kwamba mtu ni yuleyule kwa kadiri anavyojikumbuka. Desturi ya jando Masasi na Newala inaelekeza kwingine. Kijana wa Kimakonde, Kimakua au Kiyao huingia jandoni na jina moja akatoka na jingine, na lile la utotoni huachwa. Jamaa zake ndio wanaojua kwamba mwenye majina hayo mawili ni mtu mmoja. Hata siku za kunyonya hatuzikumbuki, husimuliwa. Basi tangu mwanzo maisha yetu yametunzwa na wengi, na anayesahau uzeeni hajatoka kwenye utu.

Ugonjwa wa kusahau, yaani dimensia, kwa kawaida huanza na mambo ya karibuni, ilhali ujuzi wa mikono hudumu zaidi. Bibi asiyekumbuka kama amekunywa uji aweza bado kubangua korosho: anaigonga ile iliyokaangwa, kiini kinatoka kizima, na vidole vinakwepa mafuta ya ganda yanayounguza. Kumwachia kazi hiyo ni kumwachia sehemu ya nafsi yake.

Atakayepinga atasema kwamba anayekutunzia kumbukumbu aweza pia kukunyang'anya kauli, mikorosho ikagawanywa mwenyewe yu hai. Hatari hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana mwanzo wa ugonjwa ni wakati wa mzee kusema mwenyewe, mbele ya mashahidi, mipaka ya shamba, madeni na wosia wake. Mtunza amana si mrithi. Mwingine atasema mzigo huu huwaangukia mabinti peke yao. Naye ana haki, kwa kuwa amana ya ukoo haitunzwi na mtu mmoja.

Dini zetu hazikwepi jambo hili. Surat An-Nahl, aya ya 70, inakiri kwamba wapo wanaorudishwa kwenye umri dhaifu hata wasijue walichokijua. Isaya 49 inamtaja Mungu asiyesahau hata pale mama anaposahau. Mwamini aliyetunzwa hivyo anadaiwa kutunza wenziwe. Anayejibu swali lilelile mara ya tatu bila kukemea ameanza kulipa deni hilo.