Kumkalisha mzee siyo kumheshimu



Ndugu zangu Waislamu, wapo walioniuliza kwa mshangao: iweje mwalimu wa dini aende makazi ya wazee kila Jumamosi asubuhi, siyo kutoa darsa, bali kuwaongoza wazee kunyoosha mikono na kunyanyua visigino? Wengine wamesema ni upuuzi, mtu wa umri ule aachwe apumzike na tasbihi yake.

Hapo ndipo penye tatizo. Katika jamii yetu kumheshimu mzee kumekuwa ni kumkalisha. Akitaka maji, analetewa. Akitaka kusimama, vijana wawili wanamshika kwapani na kumnyanyua kama gunia. Kwenye makazi hali huzidi, maana wahudumu ni wachache, na kumbeba mtu ni haraka kuliko kumsubiri. Matokeo yake ni nini? Mapaja yasiyotumika hunyauka. Mzee aliyeingia akitembea kwa bakora, baada ya miezi kadhaa hawezi kuinuka chooni bila kushikwa. Aliyekuwa akisali kwa kusimama, sasa anasali kitandani.

Ni kweli dini yetu ni nyepesi. Katika hadithi ya Imran bin Husayn (RA) aliyoipokea Bukhari, asiyeweza kusimama ameruhusiwa kusali kwa kukaa, na akishindwa, kwa ubavu. Lakini rukhsa hiyo ni ya aliyeshindwa. Je, anayemshindisha mwenzake kwa kumkalisha bure atajibu nini?

Wala sisemi kwamba sala ni mazoezi ya viungo, kama wanavyopenda kusema baadhi ya wahadhiri. Sala ni ibada. Lakini miguu inayoisimamia inahitaji nguvu.

Mazoezi yenyewe hayana makubwa. Kwanza muuguzi anatuambia nani ana presha na nani kaamka vibaya. Kisha tunakaa kwenye viti, tunazungusha mabega, tunafumba na kufumbua viganja, tunapiga hatua tukiwa tumekaa. Halafu linakuja lililo muhimu kuliko yote: kuinuka kitini na kukaa tena, taratibu, bila kubana pumzi. Anayesikia kizunguzungu au kifua kubana anaacha hapo hapo. Kina mama wana upande wao, na dada mmoja huwaongoza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wa miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya nguvu na ya kuzuia kuanguka siku 3 au zaidi. Wazee wetu hawafiki huko, lakini mwongozo huo huo unasema kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa.

Mzee mmoja, baharia wa zamani, alikuwa akitutazama pembeni na kutucheka kwamba tunacheza gwaride. Siku moja akavuta kiti. Hivi sasa anainuka mara tano bila kushika popote, na anakwenda kutawadha mwenyewe. Aliniambia, "Ustadhi, simwamshi tena kijana wa watu alfajiri." Hilo ndilo lililokuwa likimuumiza miaka yote, na hakuna aliyelijua.

Mtu asifahamu kwamba nahalalisha kuwapeleka wazazi makazini. Aya ya 23 ya Surat Al-Israa imemtaja mzazi anayefikia uzee akiwa kwetu. Lakini wengi wa wale hawana mtu.

Kila Ramadhani huja misafara ya mchele, sukari na tende, na picha zikapigwa. Allah awalipe. Baada ya Idi hatumuoni mtu. Kijana mwenye saa moja kwa wiki anahitajika kule, na fundi seremala pia, kwa sababu viti havitoshi na wengine husubiri zamu. Kinachofaa ni kiti kizito, chenye mikono, kisicho na magurudumu, na kisiwe kirefu kiasi cha kumzuia mzee kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili.