Wimbo Upendwao na Wengi

Je, wimbo ukishangiliwa na mataifa, umethibitika kuwa umesema kweli juu ya upendo? Utazamwe wimbo wa Malaika, uliovumishwa na Fadhili William wa Kenya. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika santuri ya 1965, nayo ikatuzwa Marekani mwaka uliofuata. Mwaka 1981 Boney M wakaurudia. Sifa hizo ni za sauti na ala. Upendo hauhesabiwi kwa santuri zilizouzwa.

Kijana wa wimbo analia kwamba kukosa mali kunamzuia kumwoa ampendaye. Kijana wa Kolwezi, achimbaye shaba na kobalti kwa mikono yake na kuweka akiba ya mahari, atamwona kuwa ndugu yake, tena ana haki kumhurumia. Lakini asikilize vizuri: msichana hasemi neno! Anasifiwa, analiliwa, wala haulizwi. (Wazee nao, wakikaa kupatana mahari, mara nyingi humsahau vivyo hivyo.) Ndoa husimama juu ya ridhaa ya wawili. Huenda msichana yu radhi kungoja; huenda ampenda mwingine. Heri kijana amwulize kwanza, kabla ya kushuka shimoni.