Tunamsalimia mstaafu, au tunayasalimia mafao yake?



Leo naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Baba yangu mkubwa ametimiza miaka 60 na kustaafu utumishi wa umma, baada ya kufundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30 katika mikoa mitatu. Amerudi nyumbani hapa Tukuyu, katika nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga kidogo kidogo, likizo baada ya likizo. Mwezi wa pili tangu arudi, nilikwenda kumtembelea. Mkononi nilibeba sukari kilo mbili, na mfukoni nilikuwa na karatasi. Katika karatasi ile nilikuwa nimepiga hesabu ya mradi wa kuku wa nyama: vifaranga 300, banda, chakula, chanjo, na mkaa wa kuwapa joto, maana baridi ya Rungwe haina huruma na kifaranga. Yeye angetoa mtaji, mimi ningesimamia, na faida tungegawana nusu kwa nusu.

Baba mkubwa aliisoma karatasi yote taratibu, kama mwalimu anayesahihisha insha. Kisha akaikunja, akanirudishia, akasema kwa upole: "Mwanangu, tangu nimerudi hapa wewe ni mtu wa kumi na moja. Wote mmekuja na miradi. Bado sijampata aliyekuja kunisalimia tu."

Nilijitetea. Nilisema nilichomjia ni kheri, kwamba tunaogopa asikae bure, kwani wastaafu wakikaa bila shughuli huishiwa nguvu upesi na kufa. Akaniuliza: "Nani amekwambia nimekaa bure?" Akainuka, akanichukua nyuma ya nyumba. Alikuwa amechimba mashimo 20 ya miche ya parachichi kati ya migomba. Alikuwa ameziba paa la zizi lililovuja masika mbili. Na kila asubuhi baada ya Alfajiri, mama mkubwa alikuwa akimfundisha kukamua ng'ombe.

Nilirudi nyumbani na karatasi yangu, na nikawa na swali ambalo tangu siku ile linanisumbua hata ninapokuwa darasani. Mtu akivuliwa kazi aliyojulikana kwayo, anabaki na thamani gani machoni petu? Na sisi tuliobaki makazini tuna wajibu gani kwake, mbali na kumpa ushauri wa biashara?

Kabla ya kuendelea, tuwe waadilifu kwa upande wa pili. Wanaosema mstaafu lazima awe na mradi hawasemi upuuzi. Sheria yetu inamtaka mtumishi wa umma aondoke kwa lazima akifikisha miaka 60, na inamruhusu kuondoka kwa hiari kuanzia miaka 55. Tangu mifuko ilipounganishwa mwaka 2018 na kuanzishwa PSSSF, neno kikokotoo limekuwa likiwanyima watumishi usingizi. Kuna waliokuwa wakitarajia nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Mwaka 2018 wakasikia asilimia 25, kikazuka kilio mpaka kanuni ile ikasitishwa. Mwaka 2022 ikawa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza asilimia 40 kwa kundi lile lililokuwa likipata 50. Mtu aliyepanga maisha yake kwa hesabu moja akalipwa kwa hesabu nyingine ana haki ya kuhofu. Basi akifuga ng'ombe ili pensheni ya mwezi isikatikie njiani, huyo anatafuta halali, na kutafuta halali ni ibada.

Lakini hofu ya riziki ni jambo moja, na imani kwamba mtu asiyezalisha si mtu ni jambo jingine. Hii ya pili ndiyo iliyonipeleka kwa baba mkubwa na karatasi mfukoni.

Uislamu unatufundisha nini? Kwanza, katika ibada hakuna kustaafu. Mwisho wa Surat Al-Hijr, Allah (SW) anamwamrisha Mtume wake kumwabudu Mola wake mpaka yamfikie yale ya yakini, na wafasiri wameeleza kuwa hayo ni mauti. Hakuna barua ya kumpumzisha mja na swala kwa sababu ya umri. Akishindwa kusimama ataswali amekaa, akishindwa kukaa ataswali amelala. Pili, faragha yenyewe ni neema. Katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, Mtume (SAW) ameitaja faragha pamoja na afya kuwa ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo. Tazama, hakuiita faragha ugonjwa unaotakiwa kutibiwa haraka kwa vifaranga 300. Tatu, mwili una haki. Salman alipomtembelea nduguye Abu Dardai na kumkuta amejichosha kwa ibada huku ameisahau nyumba yake, alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahali zake wana haki, na Mtume (SAW) akasema Salman amesema kweli. Ikiwa hata ibada ya sunna ina kiasi ili mwili usidhulumiwe, sembuse banda la kuku?

Kwa hiyo mstaafu anayo haki ya kupumzika, na hatakiwi kuiombea radhi haki hiyo. Akitaka kufanya kazi, afanye, na kazi ya mikono ni heshima. Nabii Daudi (AS) alikula kwa kazi ya mikono yake. Kinachopima mradi ni nia. Yupo anayefuga kwa sababu anahitaji maziwa na ada ya mjukuu. Yupo anayepanda kwa sababu anapenda kuona kitu kikiota. Na yupo anayehangaika kutwa nzima kwa sababu anaogopa jirani atamwona amekaa kibarazani. Majembe yanafanana, lakini huyu wa tatu anachimba ili asijisikie hana maana. Hofu hiyo hakuzaliwa nayo. Sisi ndio tuliomtia.

Hapa Rungwe wazee wetu walikuwa na namna yao ya kulitatua jambo hili. Katika miaka ya 1930 watafiti Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi miongoni mwa Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu kuhusu vijiji vya rika. Vijana wa rika moja walikuwa wakiondoka majumbani kwa baba zao na kujenga pamoja kijiji chao. Ulipofika wakati, hufanyika ubusoka: kizazi cha baba kinakabidhi uongozi kwa kizazi cha wana, viongozi wapya wanasimikwa, na wazee wanasogea kando ili wana wapate ardhi. Mimi si mtetezi wa matambiko yaliyoambatana na shughuli ile. Tauhidi yetu iko wazi. Ninachokitazama ni makabidhiano yenyewe. Yalifanyika hadharani, na yalikuwa na pande mbili. Mzee aliachia, na kijana akapokea. Na alichopokea kijana ulikuwa mzigo, tena mbele ya watu wote.

Linganisha na makabidhiano yetu ya leo. Mzee anapewa barua, anafanyiwa sherehe fupi ya soda na hotuba, kisha fedha zinaingia benki. Ameachia darasa, ameachia cheo, ameachia mshahara. Sisi tumepokea nini kutoka kwake? Ada za wadogo zetu bado anatazamwa yeye. Msiba ukitokea, mchango mkubwa anatajiwa yeye, tena safari hii kwa sauti zaidi kwa sababu "kalipwa". Yaani kazi imemstaafisha, ila ukoo haujamstaafisha. Kisha tunashangaa kwa nini fedha za mkupuo haziishi muda mrefu.

Na muda huo si mdogo. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Allah amrehemu, alikuwa Rais kwa miaka 10 na akaondoka Ikulu mwaka 1995. Alifariki Februari 2024. Maisha yake ya baada ya urais yalizidi miaka 28, karibu mara tatu ya urais wenyewe. Anayedhani kustaafu ni chumba cha kusubiria mauti, na kwamba kinachobaki ni kugawana alichonacho mzee, afikirie tena.

Katika Kitabul Kharaj, Imam Abu Yusuf amesimulia kwamba Sayyidna Umar (RA) alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba mlangoni pa watu. Alipojua kuwa uzee na uhitaji ndivyo vilivyomfikisha pale, alimchukua nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamtuma kwa mwangalizi wa Baitul Mali aangaliwe yeye na wa mfano wake. Hoja yake ilikuwa kwamba si uadilifu kula ujana wa mtu kisha kumtupa akizeeka. Sisi tunapenda kuwasomea viongozi kisa hiki. Siku hizi ninajisomea mwenyewe. Baba mkubwa ndiye aliyelipa ada yangu kidato cha tano na sita. Nimeula ujana wake, kisha nikaenda na karatasi kuomba na uzee.

Kuna jambo la mwisho, nalo linawahusu wastaafu wenyewe. Kwa miaka 12 ya mwisho mama mkubwa alikuwa ametangulia kurudi Tukuyu kulea mifugo na shamba. Baba mkubwa aliporudi, wiki ya kwanza tu alibandika ratiba ukutani: saa ya majani, saa ya maji, saa ya kusafisha zizi. Mama mkubwa akaitazama, akasema: "Baba fulani, ng'ombe hawa nimewalea miaka 12 bila ratiba, na wanakamulika." Ratiba ikabanduliwa. Nyumba si ofisi, na mstaafu anaporudi humkuta mwenyeji aliyezijua kazi zile kabla yake. Bi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia ahali zake, na swala ikifika hutoka kwenda kuswali. Hakusema kwamba alikuwa akiwasimamia. Na tujiulize pia: mama mkubwa naye atastaafu lini? Mkulima na mama wa nyumbani hawaandikiwi barua. Akipumzika, ni kwa sababu mtu mwingine amechukua ndoo.

Nisije nikaonekana nahubiri nisichokitenda. Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa baba mkubwa mikono mitupu. Nilimwamkia "Shikamoo", akaitikia, akasubiri. Alikuwa akisubiri karatasi. Nilipomwambia nimekuja kumsalimia na kuuliza hali, alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunisimulia habari za shule yake ya kwanza, mambo ambayo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza. Adhuhuri ilipotukuta tulikuwa tumepanda miche tisa. Parachichi la kubebesha huchukua takriban miaka mitatu kuanza kuzaa. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijasimama basi aupande. Nilimkumbusha hadithi hiyo. Akacheka, akasema anaijua, ila mgongo wake hauijui.

Nikachukua jembe. Kabla sijaondoka nilimwambia pia kwamba ada ya mdogo wetu aliyeko kidato cha pili, kuanzia muhula ujao aniachie mimi. Kwa mshahara wangu wa ualimu haitakuwa rahisi, na kuku sina.

Ndugu msomaji, bila shaka unaye mstaafu wako. Mtembelee wiki hii, na usibebe karatasi. Muulize kuna mzigo gani ambao bado anaubeba kwa ajili yako.

Tumuombe Allah (SW) awape wazee wetu afya na faragha yenye baraka, na atupe sisi mabega ya kupokea. Wabillahi tawfiq.