Mgonjwa na Reli Yake Ndogo

Katika nchi za Ulaya na katika Marekani wamo watu wazima, wenye kazi zao na jamaa zao, ambao saa za mapumziko huzitumia kuunda reli ndogo za mfano. Msomaji aliyezoea kuwaona watoto wetu wakiunda magari ya waya asidhani kwamba twasema juu ya jambo la watoto tu. Kipimo kimojawapo kinachopendwa sana ni cha 1 kwa 87: injini ya kweli hupunguzwa mara 87, njia yake huwa na upana wa milimita 16.5 kati ya chuma na chuma, na mtu asimamaye stesheni hapati urefu wa zaidi ya milimita 20 hivi. Mataruma, ishara, madaraja, vilima vya plasta, nyumba za mji, mengi ya hayo hufanywa kwa mkono, na kazi yenyewe yaweza kuchukua nusu ya maisha ya mtu.

Hutokea basi kwamba mtu aliyeiacha reli yake miaka mingi kwa kukosa nafasi huirudia aambiwapo na daktari kwamba ana ugonjwa mzito. Atoka hospitali amechoka, na kabla ya kulala aomba ashushiwe lile sanduku lililo juu ya kabati. Jamaa zake hutazamana. Mmoja hufurahi, mwingine huona haya kidogo na kujiuliza moyoni: je, huu ndio wakati wa kuchezea treni?

Swali hili halifai kupuuzwa, wala wanaoliuliza si watu wenye roho mbaya. Aristotle, katika kitabu cha kumi cha Maadili yake, alifundisha kwamba twacheza ili tupate kufanya kazi, na kwamba ni upumbavu mtu kutaabika maisha yake yote kwa ajili ya mchezo. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye alikubali kwamba mchezo ni pumziko la roho, kama vile usingizi ulivyo pumziko la mwili. Kwa hiyo mwenye afya anayo ruhusa: acheza Jumamosi ili Jumatatu awe na nguvu. Lakini yule asiye na Jumatatu ya kurudi kazini, pumziko lake lamtayarisha kwa kazi gani? Tukiishika hoja hii jinsi ilivyo, itampasa mgonjwa, kuliko watu wote, aache mchezo.

Nasi twadhani kosa limo katika neno lenyewe. Kinachofanyika juu ya meza ile si mchezo.

Tazama hali ya mtu aliye mgonjwa sana. Hupimwa, hudungwa sindano, hugeuzwa, huogeshwa, hulishwa. Kila kitenzi kinachomhusu kimekuwa cha kutendwa. Tena amezungukwa na waongo wapole. Akiwa amekonda kama ufito huambiwa, “Leo waonekana vizuri.” Akisema neno la upuuzi hakuna wa kumpinga. Wote wampenda, na kwa kumpenda wamekoma kumdai lolote. Kumbe kutodaiwa lolote ni mzigo, na wenye afya hawaujui uzito wake.

Reli haimwonei huruma. Kiungo kikipinda nusu ya milimita, behewa laanguka, sawasawa kama lingaliangushwa na kosa la kijana mwenye nguvu. Itambidi atafute kosa lilipo, apige tupa, ajaribu tena, na kesho tena. Behewa likipita, limepita kweli. Halikupita kwa sababu mwenyewe ni mgonjwa. Kwa saa moja mtu huyu amepewa tena heshima ya kuweza kukosea. Hiyo ni kazi kwa maana yake kamili, nayo haihitaji Jumatatu ili ihesabiwe haki.

Je, yawezekana ikawa njia ya kukimbia? Yawezekana sana. Ikiwa wasia haujaandikwa, ikiwa lipo deni lisilojulikana na mke, ikiwa yuko ndugu asiyesemeshwa tangu msiba wa mwaka ule, hapo meza imekuwa maficho, nasi tungemwambia bila kuficha: weka koleo chini, mwite ndugu yako. Yuko pia mke akaaye chumba cha pili akingoja neno moja, na asikiacho ni mlio wa injini ikizunguka. Hatutaki kumtetea mume wa namna hiyo. Mwili nao una madai yake: baadhi ya dawa za saratani huzitia ganzi ncha za vidole, na moshi wa kulehemu si rafiki wa mapafu. Daktari na aulizwe, na mjukuu ashike kibano.

Lakini yasemwa pia kwamba ni ubatili kuanza lisilokwisha. Huko Monterey, katika California, aliishi mpiga picha John Allen, ambaye reli yake iitwayo Gorre & Daphetid ilisifiwa na waundaji wengi. Alifariki Januari 1973, mwenye umri wa miaka 59, na siku chache baadaye moto uliiteketeza sehemu kubwa ya kazi ile. Kule Uingereza kasisi wa Kianglikana Peter Denny alianza reli yake ya Buckingham katika miaka ya 1940. Alipofariki mwaka 2009, ilipata mlezi mwingine aliyeendelea kuiendesha. Nani atathubutu kusema kwamba jioni za Allen zilikuwa bure na za Denny zilikuwa na maana? Tena wote wawili waliijenga upya zaidi ya mara moja, maana waundaji hawa hawaliamini sana neno “tayari”. Mgonjwa aachaye daraja nusu amefanya kama wenzake wenye afya wafanyavyo.

Afadhali tu aandike kila waya waenda wapi, na ataje nani atapewa injini, nani mataruma. Naye ajaye kumjulia hali, aache kidogo habari za dawa, amwulize treni hii yatoka wapi na yaenda wapi. Akae kitako, maana jibu litakuwa refu.