Kilomita Sita za Pikap

Somo: Matendo ya Mitume 5:1-11

Jumapili mbili zilizopita mlinipigia makofi hapa mbele. Leo nataka kuyarudisha.

Hesabu ya ile safari ya baiskeli mnaijua, kwa sababu ni mimi niliyeipanga. (Mtu akisomea biashara, hata maombi anayawekea bajeti.) Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mshahara anakatwa kila mwezi. Lakini mama anayeuza ndizi pale Daraja Mbili anatakiwa alipe ya mwaka mzima, 3,600, na wengi wa wajane wetu hawajawahi kushika pesa hiyo kwa mkono mmoja. Basi tukasema: waendeshaji 18, kilomita 80, na kila kilomita wafadhili watoe shilingi 100. Hiyo ni 144,000. Gawanya kwa 3,600, unapata wajane 40 kamili. Hakuna hata shilingi ya kubaki.

Tulitoka Kisii saa kumi na mbili asubuhi, twende mpaka Chepilat na kurudi. Barabara hiyo mnaijua. Ukiwa kwenye matatu huoni kitu, lakini kanyaga baiskeli uone kama kutoka hapa mpaka Keroka kuna mahali panaitwa tambarare! Mimi nilikuwa na baiskeli ya kuazima, ya gia, na ile kaptura ya kubana iliyowachekesha vijana. Nyuma yetu alikuwa mzee wetu mmoja na Black Mamba lake, breki za vyuma, gia hakuna. Kila kilima alishuka akasukuma. Kijana mmoja akauliza kama kusukuma kunahesabika. Mzee akajibu, "Baiskeli imepita, mimi nimepita, unataka nani mwingine apite?"

Baada ya Keumbu nikapata pancha. Wenzangu wakaendelea, hata yule mzee akanipita. Pikap ya maji na tubu ikasimama, ndugu dereva akaziba, dakika kumi na tano hivi. Halafu nikatazama kile kilima, nikatazama pikap. Nikamwambia anibebe kidogo, nisiwacheleweshe watu. Dereva ndiye alikuwa na daftari la kilomita. Akaniuliza, "Pastor, hii niandike?" Nikamwambia, "Hapana, si ni pancha tu."

Ilikuwa kilomita 6. Tulimpita mzee njiani akisukuma, mimi nikainama kama natafuta kitu chini ya kiti. Kabla ya stendi ya Keroka, mahali wenzetu hawangetuona, nikashuka, nikapanda baiskeli, nikaingia nikikanyaga. Wakanishangilia. Nikanywa chai.

Sasa Anania. Tunapohubiri habari zake, mara nyingi tunafanya kama kosa lake lilikuwa ubahili. Soma tena. Petro anamwambia wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza pesa zilikuwa zake. Angeleta nusu aseme ni nusu, angeenda nyumbani kula chakula cha mchana. Alichotaka ni kutoa nusu na kusifiwa kwa yote. Ningesema nimeendesha 74, nani angenidharau? Pancha si dhambi. Na mkewe alikuja muda wa saa tatu baadaye, akaulizwa swali la wazi, bado akashikilia hesabu ileile. Mimi nimepewa wiki mbili.

Kilichonisumbua zaidi ni Chepilat. Wakubwa hapa wanakumbuka mwaka 2008, mpaka ule wa Borabu na Sotik, nyumba zikichomwa pande zote mbili. Siku hiyo wapendwa wa upande wa pili walitusubiri na maji na mursik, na katika wale wajane 40, 12 ni wao. Omong'ina mmoja wa upande wetu, aliyehama usiku mwaka ule, alikuja na pikap kuwasalimia. Mama wa Kikipsigis akamshika mkono wangu na wake pamoja, akaomba, akamshukuru Mungu kwa "mtumishi aliyekuja kwa miguu yake." Nikasema amina. Kwa sauti.

Wafadhili wangu nimewapigia simu mmoja mmoja. Wawili walicheka, mmoja hakucheka. Shilingi 600 nimezilipa mfukoni mwangu ili hesabu ya wajane isipungue, ila pesa haikuwa shida. Dereva nimemwomba msamaha, kwa sababu nilimfanya aandike uongo katika daftari la kanisa. Naye mzee nilipomwambia alisema, "Nilikuona."

Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi nitaanzia pale Keumbu nilipopata pancha, mpaka Keroka. Dereva atakuwepo na daftari. Mwenye baiskeli aje, na kusukuma kunaruhusiwa.